Maswali Yenu: Draya, Mashine ya Kunyolea na Uga wa Sumaku

SWALI: Nimeambiwa draya ya nywele hutoa uga wa sumaku mkali kuliko nyaya za umeme wa msongo mkubwa. Ni kweli? Je, unaleta saratani?

JIBU: Ukiibandika kichwani, inaweza kuwa kweli. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba sentimita 3 kutoka kwenye draya uga, yaani nguvu ya sumaku inayoizunguka, huwa kati ya mikrotesla (kipimo cha ukali wa uga) 6 na 2,000, kutegemea aina ya draya. Chini ya nyaya kubwa hufika kama 20. Lakini isogeze draya hadi sentimita 30 na uga unashuka mpaka kati ya 0.01 na 7. Kwenye mita 1 hauzidi 0.03. Chanzo chake ni koili ndogo (waya uliozungushwa mara nyingi), na uga wa koili ndogo hufifia haraka: umbali ukiwa mara mbili, inabaki takriban sehemu ya nane tu. Kasha la plastiki haliuzuii, wala karatasi ya alumini. Kinachosaidia ni umbali.

Kuhusu saratani, mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliuweka uga huu katika kundi la 2B, yaani "huenda" unasababisha. Msingi mkubwa ulikuwa leukemia (saratani ya damu) ya watoto walioishi katika nyumba zenye wastani wa zaidi ya mikrotesla 0.3 hadi 0.4, na hata hapo haijathibitishwa kwamba uga ndio chanzo. Linganisha: dakika 10 za draya kwenye mikrotesla 7, zikigawanywa kwa dakika 1,440 za siku nzima, ni wastani wa 0.05. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, lakini inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Shika draya sentimita 20 au zaidi kutoka kichwani. Ngozi na nywele nazo zitaepuka kuungua.

SWALI: Mimi ni kinyozi. Mashine yangu ya waya inanguruma mkononi kutwa. Nibadilishe?

JIBU: Mashine ya aina hiyo ina koili yenye kiini cha chuma, inayopata umeme moja kwa moja kutoka kwenye soketi. Umeme ukiwa wa hezi 50, yaani unaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, koili huvuta wembe mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana inanguruma na uga wake ni mkali. Unaoupokea zaidi ni mkono. Kifua chako kiko mbali kiasi. Ya betri hupunguza sana uga huo wa hezi 50, mradi usinyolee huku inachaji.

Tungekuwa wewe, tungeogopa zaidi mtetemo, kwani huo ndio unaotia vidole ganzi. Mashine ikianza kugonga kwa kelele, chuma kinachochezacheza kinapiga kiini cha koili. Zungusha skrubu ya pembeni taratibu mpaka kelele ikatike, kisha utie mafuta kwenye wembe.

SWALI: Programu ya simu imenionyesha mikrotesla 400 karibu na draya. Nitupe?

JIBU: Usitupe. Kihisi cha simu ni cha dira: kimeundwa kusoma uga tulivu wa dunia, ambao ni mikrotesla 25 hadi 65, na hakifuati vizuri uga unaoenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Zima draya, ichomoe, kisha upime tena. Namba bado itapanda, kwa sababu mota nyingi za draya zina sumaku za kudumu ndani.

SWALI: Baba ana pesimeka ya moyo (kifaa cha kurekebisha mapigo). Anaweza kunyoa ndevu kwa mashine ya umeme?

JIBU: Anaweza. Sharti ni moja: mashine, hata draya, ikae angalau sentimita 15 kutoka pale kifaa kilipopachikwa kifuani, na asiining'inize shingoni wala kuiweka mfuko wa shati. Akihisi kizunguzungu au moyo kwenda mbio, aisogeze mbali mara moja na amjulishe daktari wake.

SWALI: Draya iliyochomekwa lakini imezimwa inatoa uga?

JIBU: Mkondo haupiti kwenye koili, kwa hiyo hakuna uga wa kutaja, ila ule tulivu wa sumaku za mota. Ichomoe hata hivyo: ikitumbukia majini inaweza kuua, hata swichi ikiwa imezimwa.