Bibi Shamba Anajibu: Maswali Yenu Kuhusu Kongwa

Mbukwenyi, wasomaji. Toleo lililopita niliitaja Kongwa, wilaya ya mkoa wa Dodoma, kwa mistari michache tu, barua zikamiminika kuliko zile za viwavijeshi. Safu hii kwa kawaida ni ya mbegu, wadudu na bei za mazao, lakini mhariri amenipa ruhusa nitoke nje ya shamba kidogo. Nimezaliwa huko, nimefanya kazi ya ugani huko mpaka nikastaafu. Kwa hiyo msitegemee nizungumze kama mgeni.

"Shikamoo Bibi Shamba. Mwalimu wetu wa historia amefundisha kwamba Waingereza walishindwa kulima karanga Kongwa kwa sababu ardhi ya pale haikubali karanga. Lakini bibi yangu anaishi Kongwa na kila mwaka anatuletea karanga mpya. Nani mkweli?" (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro)

Marahaba, mjukuu wangu. Bibi yako ndiye mkweli, ila usiende kumwambia mwalimu hivyo mbele ya darasa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta. Mafuta ya kula na siagi vilitolewa kwa mgawo. Mwaka 1946, Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company alipeleka serikalini wazo la kulima karanga kwa mashine huku kwetu. Serikali ikatuma watu watatu, mkubwa wao akiwa John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Walizunguka majuma tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama wakiwa kwenye ndege. Wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zake Tanganyika, kwa pauni milioni 25 na kwa miaka sita.

Sasa, ukiwa juu angani Kongwa inapendeza. Ni tambarare, pori ni pana, watu ni wachache. Mtu akiona hivyo anadhani amepata ardhi ya bure. Angeshuka akakaa chini ya mbuyu na mzee yeyote wa Kigogo, akamuuliza kwa nini watu ni wachache, angejibiwa kabla kibuyu hakijamfikia: maji. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na katikati ya msimu huo jua huja likakaa wiki mbili au tatu kana kwamba mwaka umekwisha. Wazee waliopita kwenye Mtunya, ile njaa kubwa ya 1917 hadi 1920, walikuwa na sababu ya kupanda uwele na mtama, kutawanya mashamba huku na huko, na kuweka ng'ombe kwa ndugu wa mbali. Hakuna aliyekaa nao.

Kazi ilianza 1947. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, mengine yaliyochakaa kabla hayajapakiwa melini. Yalipokosekana, vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Kufyeka kulifanywa kwa mnyororo wa nanga ya meli: unafungwa kati ya katapila mbili, zinatembea sambamba, pori lote linalala. Marehemu baba yangu alifanya kibarua pale na alikuwa akisema miti kulala haikuwa shida. Shida ilikuwa mizizi, iliyobaki chini na kuvunja majembe. Shida nyingine mibuyu. Mbuyu wa Ugogo una nyuki. Dereva anausukuma kwa katapila, nyuki wanatoka, dereva anaruka na kukimbia, mashine inabaki inaunguruma peke yake porini. Vijana wa hapo walicheka mpaka wakakatazwa kucheka.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Halafu udongo. Hapa ndipo mwalimu wako ana nusu ya ukweli. Sehemu kubwa ya ardhi waliyoifyeka ina mfinyanzi, na jua likiipiga baada ya mvua, inakauka ikawa saruji. Karanga huzaa chini. Mama mwenye jembe la mkono anaweza kuamka alfajiri baada ya manyunyu akang'oa mistari yake ardhi ingali laini, kesho yake akang'oa mingine. Mashine yenye ekari elfu haiwezi kusubiri manyunyu. Karanga zilikuwepo, zimefungiwa ndani ya udongo. Kisha 1949 mvua ikagoma. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango, na hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa kama pauni milioni 36.

Bibi yako analima ekari moja au mbili, tena amechagua kipande cha kichanga, na pembeni ana uwele ili karanga zikigoma watoto wale. Mashine hazikuacha mbegu hata moja ya kumfundisha hilo. Muulize anapanda mbegu gani. Kama ni ya zamani, mwambie atafute Pendo: inakomaa mapema, kama siku 90 hadi 100, kwa hiyo inawahi kumaliza kabla mvua haijaondoka. Na mwambie aache kulowesha maganda ili kubangua iwe rahisi. Najua vidole vinauma, mama yangu naye alilowesha, lakini unyevu ule ndio unaoleta sumukuvu.

"Bibi Shamba, wazee wanasema Kongwa ilikuwa na reli na shule ya Wazungu. Mbona sivioni?" (Msomaji, Dodoma Mjini)

Reli ilichepuka kutoka Msagali kwenye reli ya kati. Mpango ulipokufa haikuwa na mzigo wa kubeba, ikang'olewa. Shule ya watoto wa Kizungu ilidumu mpaka 1958, kisha wanafunzi wakahamishiwa shule mpya ya Iringa, ambayo majengo yake leo ni ya Chuo cha Mkwawa. Kilichobaki bila kuhama ni ranchi. Ng'ombe walipata pale ambapo karanga ya mashine ilikosa, jambo ambalo Mgogo yeyote angelisema bila kulipwa. Ukipita Ranchi ya Kongwa ya NARCO, kampuni ya ranchi za taifa, utaona majani yalivyo mazuri mwezi wa Machi.

"Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto wanne, nimezaliwa Kongwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Marehemu mama aliniambia baba yangu alikuwa mpigania uhuru kutoka Kusini, aliondoka kabla sijatambaa. Jina alilomtajia ni moja tu. Nimetamani kujua huko kwao ni wapi. Naanzia wapi?" (Msomaji, jina tumelihifadhi)

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma jioni nikaiweka, nikaisoma tena asubuhi. Hauko peke yako. Wa umri wako pale mjini wenye swali hilo mnatosha kujaza kanisa.

Kwa wasomaji wasiojua: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na mwaka 1964 serikali yetu ilifungua kambi Kongwa. Majengo ya Mpango wa Karanga yalikuwepo, mji ulikuwa mbali na mipaka na mbali na macho ya watu wa pwani. FRELIMO wa Msumbiji walikuja, Samora Machel akiwa miongoni mwa makamanda wao wa mwanzo. Wakaja ANC wa Afrika Kusini, ambao Chris Hani alikuwa mmoja wao, SWAPO wa Namibia, kisha MPLA wa Angola na ZAPU wa Zimbabwe. Kila chama kilikuwa na eneo lake, na jeshi letu lilikuwa na usimamizi wa jumla. FRELIMO baadaye walihamishia kambi yao kubwa Nachingwea, ambako nako kulikuwa na mashamba ya karanga ya Waingereza. Mabwana waliojenga nyumba zile hawakuota kwamba zingelaza watu wa namna ile.

Vijana wale hawakufungiwa ndani. Walicheza mpira na timu za mjini, walinunua kuku na maziwa, walikuja kwenye ngoma, na wengine walijifunza Kiswahili na hata Kigogo cha kuombea ugali. Wasichana wetu waliwaona. Wengine waliolewa kwa taratibu zote, wengine mapenzi yalikatishwa na amri ya usiku mmoja. Baadhi ya waliopigana Omugulugwombashe, Namibia, tarehe 26 Agosti 1966 walikuwa wametoka Kongwa. Huko siku hiyo inaadhimishwa hadi leo. Kwa hiyo mtu kuondoka bila kuaga haimaanishi alikimbia mtoto. Wala sisemi hakukimbia. Wapo waliokimbia.

Unaanzia wapi? Kwanza, usilishike sana hilo jina. Wapiganaji walikuwa na majina ya vita, na mara nyingi mama zenu walijua hilo tu. Lililo muhimu zaidi ni chama, kwa sababu chama ndicho kinakupa nchi. Tafuta wanawake wa rika la mama yako, waulize aliongea lugha gani alipokuwa na wenzake, aliimba nini, alikwenda kanisa gani, kambi yake ilikuwa upande gani. Waulize kwa nyakati tofauti, siyo wakiwa wamekaa pamoja, maana wakiwa pamoja mmoja ataongea na wengine wataitikia. Ulizia pia cheti chako cha ubatizo na daftari la kanisa, kama ulibatizwa mdogo. Wakati mwingine padri au mchungaji aliandika jina la baba ambalo nyumbani halikutajwa.

Ukishapata chama, nenda ubalozi wa nchi hiyo Dar es Salaam ukiwa na maandishi, siyo maneno matupu. Kwa upande wa ANC, kumbukumbu zao nyingi za uhamishoni zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, na unaweza kuandika barua. Pale Kongwa pana makaburi ya wapiganaji pia. Nenda usome majina, lakini nenda na mtu.

Jambo moja nikuombe: waambie watoto wako unachotafuta kabla hujakipata.

"Bibi, kwa nini soko kubwa la mahindi liko Kibaigwa na siyo Kongwa mjini, ambako ndiko makao makuu ya wilaya? Na lumbesa itakwisha lini?" (Mkulima, Mlali)

La kwanza ni jepesi. Barabara kuu ya Dodoma na Morogoro inapita Kibaigwa. Kwenda Kongwa mjini unachepuka Mbande, na dereva wa semi hachepuki kama mzigo anaupata barabarani. Mahindi ya Kiteto yanashuka pale, yetu yanapanda pale, wanunuzi wa Dar na wa nchi jirani wanakuta kila kitu mahali pamoja. Makao makuu yana ofisi, Kibaigwa ina fedha. Watu wa mjini kwetu hawapendi nikisema hivyo.

La pili linaniudhi. Kwenye sheria lumbesa ilikwisha kuwa haramu zamani: gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Kinachoiweka hai ni dalali anayekufuata shambani mwezi wa Mei, wakati una ada ya shule na mgonjwa, akakuambia atanunua kwa gunia na siyo kwa kilo. Gunia lake limeongezewa kichwa cha wavu, limeshonwa kwa kamba, na wewe mwenyewe umelishindilia kwa mguu. Peleka mahindi kwenye mizani. Kama nauli inakushinda peke yako, jazeni gari watu watano. Kuna watu Mlali nawafahamu walianza hivyo kwa gari la kukodi na sasa dalali ndiye anayewasubiri wao. Na uza sehemu tu. Mahindi ya Mei na mahindi ya Januari ni mazao mawili tofauti.

"Nina mtaji, nataka ekari 50 Kongwa nilime alizeti kwa trekta. Nimeona picha za droni, ardhi ni nzuri na tupu. Ushauri?" (Mfanyabiashara, Dar es Salaam)

Droni. Haya.

Ndugu yangu, alizeti inakubali Kongwa, sina ubishi. Ardhi unayoiona tupu ina mwenyewe: ni malisho, au shamba lililopumzishwa, au ni pale watu wa mradi wa Kisiki Hai wameacha machipukizi ya visiki yakue tena kuwa miti, na ukipitisha trekta utakuwa umekata kazi ya miaka. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Halmashauri ya kijiji haiwezi kukugawia bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali, kwa hiyo mtu anayekuambia "tumalizane ofisini leo" anakuuzia kesi. Hudhuria mkutano huo mwenyewe, usitume kijana.

Njoo kuangalia shamba Februari, katikati ya lile jua nililolitaja, usije Machi kila kitu kikiwa kijani. Chimba kwa jembe mahali patatu tofauti. Pakigonga kama sakafu, ondoka. Pakiingia, lima ekari kumi mwaka wa kwanza, na mvua ya kwanza ya Desemba ikute trekta lako liko shambani, siyo gereji Ubungo.