Miezi yote hio ya Mshtarii, bamvua lake likoje?

SWALI: Asalam aleikum mwalimu. Mimi mvuvi wa Shela, Lamu. Huku kwetu mambo yote ni mwezi, ukiandama au ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, katikati hapo ni maji mafu, yanajaa na kupwa kidogo tu, hata mtoto mdogo anajua. Sasa kijana wangu ametoka shule ananiambia Mshtarii, ile sayari ya Jupita, ina miezi zaidi ya 90! Kama huu wetu mmoja tu unaondoa maji mpaka dau linapwelewa, huko kwenye 90 bahari itatulia saa ngapi?

JIBU: Waaleikum salam ndugu yangu. Swali hili nimelipenda sana, manake limetoka kwa mtu anaejua maji. Mshtarii yenyewe haina bahari ya kushusha dau, ni gesi tu, na hio miezi 90 mingi yake ni vijiwe. Ya maana ni minne, ile Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, aliyoiona Januari 1610, yaani Io, Europa, Ganymede na Callisto, na huyo Ganymede peke yake ni mkubwa kuliko sayari nzima ya Zebaki.

Lakini bamvua lipo, tena kubwa, ila huko sayari ndio inayovuta mwezi. Chukua Io. Iko kilomita kama 422,000 kutoka Mshtarii, mwezi wetu uko 384,000 kutoka kwetu, karibu sawa, lakini Mshtarii ina uzito wa dunia 318, sasa piga hesabu mvuto wake. Na Io haizunguki duara kamili, mara inasogea mara inajitenga, na wenzake hawaiachi itulie, kila ikizunguka mara 4 Europa imezunguka 2 na Ganymede 1, wanakutana pale pale wanaivuta tena. Basi mwamba wenyewe unapanda na kushuka hadi mita 100. Wewe hapo Shela bamvua ni mita tatu hivi na ni maji, huko ni jiwe! Kunja waya mbele nyuma, mbele nyuma, kisha ushike pale unapokunjika, utaona umepata moto. Io inakandwa hivyo kila saa 42, ndio maana ina volkano kuliko mahali popote kwenye mfumo wetu wa jua, na mwaka 1979 chombo cha angani Voyager 1 kilizipiga picha zikirusha moshi juu angani.

Europa nayo inakandwa, ila si sana kama Io, na joto hilo ndio linafanya wanasayansi waamini chini ya barafu yake kuna bahari ya chumvi. Kuna chombo kimeondoka Oktoba 2024 kwenda kuichunguza, kitafika 2030 inshallah, na mimi nakisubiri kwa hamu kweli.

Wewe usisubiri 2030. Msimu Mshtarii ikionekana usiku, ngoja bamvua la mwezi mwandamo, giza totoro, dau limepwelewa halitikisiki, egemeza viwiko ubavuni mwake uchungulie na darubini ya mkononi. Utaona vinukta vitatu au vinne vimepangana mstari mmoja kando ya ile nyota kubwa. Muite na kijana achore vilivyokaa, kesho usiku mrudi tena muone vilivyohama.