Nimechoka kuwapangia marafiki safari ya bichi

*Shangazi shikamoo. Tuko marafiki wanane, tumejuana tangu chuo. Wiki mbili zijazo tunaenda homstei karibu na bichi, siku tatu. Nyumba nimetafuta mimi, depoziti nimelipa kwa hela yangu, wawili mpaka leo hawajanirudishia na mmoja kaniambia juzi tu kwamba anakuja na mpenzi wake. Ratiba nimeandika wanaicheka. Safari iliyopita nilipika mimi, nikafagia mchanga mimi, nikarudi kwangu nikalia. Watatu hawajui kuogelea na usiku wakishakunywa wanataka kuingia majini, nakesha nawalinda. Nataka nijitoe kimya kimya nizime simu. Nikisema ukweli wataniona nina roho mbaya. Nifanye nini? – Mpangaji Aliyechoka*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na ile sehemu ya kurudi nyumbani ukalia imenikaa moyoni, manake mtu anaenda baharini apumue, sasa we unarudi umechoka kuliko ulivyoondoka.

Kwanza simu usizime. Nyumba imebukiwa kwa jina lako, mwenyeji atakutafuta wewe, na wale watano waliolipa hela zao hawana kosa lolote. Ukitaka kujitoa una haki kabisa, ila ujitoe kwa mdomo, na kabla hujafika huko naona kuna mambo ya kujaribu kwanza.

Tuanze na hela. Leo hii muulize mwenyeji siku ya mwisho ya kughairi bila kupoteza depoziti ni lini, ukishaijua rudi nyuma siku mbili, hiyo ndo iwe tarehe yako. Alafu waandikie wale wawili, kila mtu kivyake, usiwaandikie kwenye grupu maana mtu akidaiwa mbele za watu anajitetea badala ya kulipa. Andika kifupi tu: "Nimekulipia nafasi yako, naomba unirudishie kabla ya tarehe fulani, isipofika nitajua huji na nitampa mtu mwingine." Usiongeze samahani wala usieleze shida zako, hela ni yako na sababu huhitaji. Na tarehe ikipita fanya kweli ulivyosema, hata kama ni yule unayempenda kuliko wote.

Huyo wa mpenzi, hapo wengi mnasahau kitu. Homstei ni nyumba ya mtu. Pengine mwenyewe analala chumba cha pili, watoto wake wanaamka asubuhi kwenda shule, choo na maji ni vya kugawana, na alipokubali watu wanane alihesabu vitanda na mashuka akafika nane. Kwahiyo jibu la mtu wa tisa hulitoi wewe, mwambie rafiki yako hivi, "ngoja nimuulize mwenyeji, na nimuulize fulani aliyekuwa alale chumba kimoja na wewe." Huyo wa pili ndo husahaulika kila mara, unakuta mtu kalipa sawa na wenzake alafu anaishia kulala kwenye kochi sebuleni. Mmoja wao akikataa basi haiwezekani, na wewe si uliyekataa.

Sasa kazi za nyumba, na hapa mwanangu nakwambia kwa upendo, neno "tutasaidiana" ndo limekuchosha. Likisemwa hivo bila majina anayeinuka ni yule asiyevumilia kuona vyombo vichafu, na ni wewe. Mko wanane, jozi nne. Jozi tatu kila moja ishike siku yake ya kupika na kuosha, jozi ya nne isipike kabisa, yenyewe ifagie na kutoa taka asubuhi ya kuondoka. Majina yaandikwe kwenye grupu kabla ya safari. Na muulize mwenyeji kama anapika kwa malipo ya ziada, wengi wanakubali, mkichanga watu wote inakuwa kidogo kwa kila mtu. Mchanga nao, ndoo ya maji na kitambaa mlangoni, kila mtu aoshe miguu ndo aingie, utaona fagio linapumzika.

Ratiba yako nadhani wanaicheka kwasababu imebana sana. Ukweli ni kwamba bichi ina ratiba yake tayari. Sehemu nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa 6 hivi, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake, kwahiyo hata ukiandika "kuogelea saa nne" bahari yenyewe inaweza isiwepo, mnakuta matope na mawe. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndo bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana. We muulize mwenyeji siku hizo maji yanajaa saa ngapi, andika hilo moja tu, masaa mengine waache walale, wacheze karata, wakae bila kufanya kitu.

Ila la majini usiku usilegeze hata kidogo. Mtu asiyejua kuogelea, kanywa, na giza, hapo hata wewe ukikesha huwezi kumuokoa, mnaweza kuzama wote. Lisemwe mchana, watu wakiwa na akili zao, na lisemwe na mtu mwingine pia usibaki peke yako: jua likizama hakuna anayeingia. Mchana muogelee pale wenyeji wanapoogelea. Na hata mnaojua, ukivutwa na mkondo kwenda kilindini usipambane nao kurudi moja kwa moja utachoka, ogelea ubavuni sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo ndo ugeuze kurudi, ukishindwa elea na uinue mkono kuita.

Kuhusu roho mbaya, inawezekana mmoja atanuna, sikufichi. Lakini nahisi wengi wao hata hawajui ulilia. Hukuwaambia, ulitabasamu ukaosha vyombo, wakaona unapenda. Waambie sasa mkiwa bado kila mtu kwake, kwa sauti sio kwa meseji, "safari iliyopita nilirudi nimechoka nikalia, hii nataka nipumzike na nyie." Rafiki akisikia hivyo kwa sauti yako atabadilika, na asiyebadilika utakuwa umemjua.

Alafu jioni ya kwanza zamu isiwe yako, jipangie siku ya pili. Mkifika mizigo ikishaingia ndani nenda kakae nje, hata ukisikia harufu ya kitu kinaungua jikoni mwite mwenye zamu, we kaa.

– Shangazi