Jiko la kupandia Elgon na Rwenzori: angalia mafuta kwanza

Ndugu, umeuliza ununue jiko dogo la gesi, la spiriti au la pampu (linalosukuma mafuta kwa presha), kwa kuwa unapanda Elgon mwaka huu na Rwenzori baadaye. Kabla ya kulinganisha majiko, jiulize utapata nini cha kuwasha kule safari inakoanzia. Mitungi midogo ya gesi, ile unayozungushia jiko juu yake, mimi huipata Kampala tu, na si kila wakati. Anayekuja kwa ndege hawezi kuibeba, hairuhusiwi kabisa. Mafuta ya taa unayapata bila kuhangaika Mbale, mji ulio karibu na Elgon, na Kasese, ulio karibu na Rwenzori.

Kwa Elgon, ukipata mtungi, chukua gesi. Ni nyepesi, inawaka papo hapo, haina masizi. Wagagai, kilele chake, ina mita 4,321, na kwa siku chache huko gesi inatosha vizuri.

Rwenzori ni habari nyingine. Kambi ya Elena iko mita 4,541, na usiku maji huganda. Butani isiyochanganywa, moja ya gesi za mitungi hiyo, huanza kugoma kutoa mvuke joto likikaribia nyuzi sifuri. Hewa nyepesi ya juu huisaidia kidogo, lakini jiko likiwaka mtungi nao unazidi kupoa, na moto unanywea wakati unataka chai ya kuondokea alfajiri. Kama ni lazima gesi, tafuta mchanganyiko wenye propani, gesi inayovumilia baridi zaidi, na ulale na mtungi ndani ya begi la kulalia. Mimi kule nabeba jiko la pampu linalokubali mafuta ya taa na petroli. Mafuta ya taa yanahitaji kupashiwa jiko kwanza kwa spiriti kidogo, na sufuria itakuwa nyeusi, lakini baridi haiyasumbui. Yachuje kwa kitambaa safi kabla ya kumimina, kwa sababu taka ndogo tu huziba nozeli, kile kitundu cha kutolea mafuta. Ile sindano ya kuzibulia ifunge kwenye chupa ya mafuta isipotee.

Spiriti pekee siishauri huko. Kilo moja yake haitoi hata thuluthi mbili ya joto la mafuta ya taa, na upepo unaicheza unavyotaka.

Chakula nacho kinaamua jiko. Pale Elena maji huchemka kwenye nyuzi kama 85, kwa hiyo maharage makavu utayachemsha hadi mafuta yaishe na yatabaki magumu. Yapike nyumbani na kuyakausha, au beba oti, tambi na unga wa posho, vyote vinaiva. Kwa hesabu yangu, mililita 150 za mafuta ya taa kwa mtu kwa siku zinatosha chakula na chai.

Usitegemee kuni. Rwenzori ni hifadhi, miti ya juu hukua polepole mno, na kila kitu kimelowa. Na mvua hiyo hiyo itakushawishi upikie ndani ya hema. Nakusihi usifanye hivyo: monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotoka kwenye jiko linalowaka, haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Pikia kwenye chumba cha kupikia cha kambi au chini ya turubai lililofungwa juu, pande zote zikiwa wazi.

Kabla hujaondoka, liwashe jiko uani mara kadhaa, na mara moja gizani ukiwa umevaa glavu.