Miezi 8 kazini, mafunzo elekezi bado

Pole, mdogo wangu. Hujapata mafunzo elekezi tangu uajiriwe serikalini, halafu mkuu wa kitengo anakufokea kwa kazi ambayo hakuna aliyekuelekeza. Mimi nilinyamaza mwaka mzima, nikaja kuulizwa kwa nini sijathibitishwa kazini!

Andika barua ya kuomba mafunzo hayo kwa afisa utumishi, ipitie kwa huyohuyo mkuu wako (ukimruka utaitwa mjeuri), ubaki na nakala yenye mhuri wa masjala. Kipindi cha majaribio kazini ni miezi 12, kwa hiyo imebaki minne tu. Kwenye PEPMIS (mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma Tanzania) jaza kazi zako bila kulimbikiza, hata zile ndogondogo. Na mzee wa masjala mzoee. Yeye ndiye anayejua faili lako limelala meza ya nani.