Je, Wanaouhama Omelas ni Mashujaa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Katika kikundi chetu cha usomaji tumejadili hadithi fupi ya Mmarekani Ursula K. Le Guin, iliyochapishwa mwaka 1973, kuhusu mji wa Omelas, ambao raha ya wakazi wake wote inategemea mateso ya mtoto mmoja aliyefungiwa katika chumba cha chini. Wenzangu waliwasifu wale wanaouhama mji huo, lakini mimi nilisita. Je, ni mashujaa?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba. Ulikuwa na sababu ya kusita, kwa kuwa hadithi yenyewe haiwaiti mashujaa. Inasema tu kwamba wanaondoka, kila mmoja peke yake, wakielekea milimani. Mtoto wanamwacha palepale gizani, na nusu bakuli yake ya unga wa mahindi na mafuta kwa siku. Wamekataa kufaidi mateso yake, jambo ambalo si dogo, ila yeye halimpunguzii chochote.

Hata hivyo, ningependa mrudi kwenye sehemu ambayo huenda mliipita haraka. Msimulizi anatuomba tuupambe mji huo tunavyopenda, kisha anatuuliza kama tunasadiki kwamba watu wanaweza kuwa na furaha kiasi hicho, na anapoona hatusadiki ndipo anapomleta yule mtoto. Baadaye anauliza tena, nasi, kwa aibu yetu, tunasadiki. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wa hadithi nzima, kwa sababu ni sisi wasomaji tulioshindwa kuiwazia raha isiyolipiwa na mtu mwingine.

Mazoea hayo tunayo majumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, lakini ni wangapi kati yetu, huko Moshi na hapa Arusha, ambao tumepokea chai kutoka kwa binti mdogo wa kazi anayelala stoo, tukanyamaza ili tusimuudhi mwenyeji? Mimi nimewahi kunyamaza, na bado inaniuma. Wakazi wa Omelas wana sharti linalowazuia: neno moja tu la upole kwa mtoto yule lingeiangamiza neema yote ya mji siku hiyohiyo. Mkikutana tena, ulizaneni ni sharti gani linalotuzuia sisi.