Re: COUNTIF inanipa sangara pungufu, nakosea wapi?

Mkuu, umesema umeingiza daftari la mapokezi la mwalo wa Kirumba, Mwanza, kwenye Excel, mistari 1,800, na hesabu ya sangara inatoka pungufu. Fomula yako ya COUNTIF (inayohesabu seli zenye neno fulani) ni nzima. Kinachosumbua ni uandishi wa daftari lenyewe. Nachukulia kolamu A ni tarehe, B aina, C kiasi, D kipimo.

Anza na B. Aliyeandika "Sangara" halafu akagonga spesi amekuzalia samaki mwingine kabisa. Herufi kubwa na ndogo hazina neno, SANGARA na sangara COUNTIF inawahesabu pamoja. Kwenye E2 weka =TRIM(B2), inayoondoa spesi za ziada, buruta hadi chini, nakili, kisha bandika thamani pekee juu ya B. TRIM ikigonga mwamba, hasa kwa data iliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za intaneti, ile spesi ni ya namba 160, aina nyingine ya spesi ambayo TRIM haiioni:

=TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," "))

Usikwepe usafi kwa kuandika "sangara*". Kinyota hicho kitazoa hata "Sangara mabondo" (vibofu vya hewa vya sangara), na bei ya mabondo unaijua.

Orodha ya aina iweke G2: =SORT(UNIQUE(B2:B1801)). Excel 2016 na 2019 hazina UNIQUE. Huko nakili B kwenda G, ondoa marudio kwa Remove Duplicates. Kisha H2:

=COUNTIF($B$2:$B$1801,G2)

Hizo alama za dola ($) si mapambo, zinafunga masafa yasisogee. Bila dola, ukiburuta, H3 inaanzia B3, H4 inaanzia B4, na kila aina inapoteza mistari ya juu. Excel haitakuonya.

Kiasi sasa, kwa SUMIFS, inayojumlisha mistari inayotimiza masharti tu:

=SUMIFS($C$2:$C$1801,$B$2:$B$1801,G2,$D$2:$D$1801,"kilo")

Sharti la kipimo usiliache. Kama dagaa wameandikwa mara kwa ndoo, mara kwa kilo, ndoo 12 ukijumlisha na kilo 64 unapata 76 za nini? Angalia pia mpangilio: SUMIFS inataka kolamu ya kujumlisha iwe ya kwanza, wakati SUMIF inaiweka mwisho. Na masafa yote yawe na urefu mmoja, la sivyo utaletewa #VALUE!.

Mtego mbaya kuliko yote ni "38kg" ndani ya C. Hayo ni maandishi, si namba. SUMIFS inayaruka kimyakimya. Yapime hivi (COUNTA inahesabu seli zote zenye kitu, COUNT zenye namba tu):

=COUNTA(C2:C1801)-COUNT(C2:C1801)

Jibu lisipokuwa 0, hizo ndizo seli za kusafisha.

Ukitaka mwezi mmoja, mfano Machi 2025:

=COUNTIFS($B$2:$B$1801,G2,$A$2:$A$1801,">="&DATE(2025,3,1),$A$2:$A$1801,"<"&DATE(2025,4,1))

Tumia "ndogo kuliko Aprili 1", maana "hadi Machi 31" inaacha rekodi za siku hiyo zilizoandikwa na saa. Ikitoa 0 wakati samaki wapo, huenda tarehe zimekaa kama maandishi. Mara nyingi utaziona zimeegemea kushoto mwa seli.

Kompyuta ikikataa koma, jaribu nukta mkato, inategemea mpangilio wa nchi kwenye mashine. PivotTable (jedwali la muhtasari la Excel) nayo inafanya kazi hii, ila data ikibadilika kwa kawaida lazima uibonyeze Refresh, na wengi husahau.

Jumla ya H lazima iwe 1,800. Ikipungua, kagua dola kwanza.